Kisima, punda na choo cha gesti: kisa cha kusoma DNA ya maji ya visima Lamu

Kabla ya yote

Majina nimeyatoa yote. Mtaa sisemi, msikiti sisemi, gesti pia sisemi, na visima nimevipa herufi tu kuanzia A mpaka H. Waamu mkikisia ni wapi basi kisieni kimya kimya, watu wenyewe bado wanasalimiana kila siku njiani. Mimi nilikuwa mtu wa maabara kwenye hii kazi, na makosa mawili makubwa utakayosoma hapa moja ni langu kabisa, la pili nilikuwepo na nikanyamaza.

Mandhari

Mji wa kale wa Lamu, huu ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, umekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe. Maji ya mfereji yanatoka upande wa matuta ya mchanga ya Shela, mvua inazama pale na kukaa chini, lakini misikiti na nyumba nyingi bado zina visima vyao, na kisima ndo cha kutawadhia, kufulia, kuoshea vyombo, na mfereji ukikauka ndo cha kunywa vilevile. Maji matamu ya chini ni mepesi kuliko ya bahari kwa hivo yameelea juu ya maji ya chumvi, na bahari ikipanda huko nje, visima vya karibu na pwani navyo vinapanda. Alafu kuna vyoo vya shimo. Ile mita 30 ambayo watu wa afya wanataka iwe kati ya choo na kisima, hapa ukiipima umeshapita nyumba tatu na kona mbili.

Baada ya mvua za masika watoto kadhaa wa mtaa mmoja wakaanza kuharisha, na watu wazima wawili watatu pia. Mtaa ukagawanyika. Wengine wakasema ni punda, sababu kuna mahali karibu na kisima cha msikiti punda wa mizigo wanapumzika mchana na mavi yao yanabaki palepale. Wengine wakasema punda wamekuwepo tangu enzi za mababu, kipya ni choo cha gesti iliyojengwa juzi, wageni wengi, shimo moja. Mwenye punda na mwenye gesti ni watu wa msikiti mmoja na waliacha kukaa safu moja. Hapo ndo maalim mmoja wa kamati akanipigia simu: "Mwanangu, nyinyi mna mashine za kusoma wadudu, njooni mutusomee."

Kwa nini DNA, si kipimo cha kawaida

Kipimo cha kawaida cha maji ni kutafuta E. coli, bakteria anayeishi utumboni, na kanuni ya Shirika la Afya Duniani ni rahisi, ndani ya mililita 100 za maji ya kunywa asionekane hata mmoja. Kipimo hicho kinakwambia kuna kinyesi kwenye maji. Hakikwambii cha nani. Punda anae E. coli, binadamu anae, kuku anae. Mtaa ulikuwa hauulizi kama maji ni machafu, hilo walishalijua matumboni mwao, walikuwa wanauliza ni nani.

Na bakteria wengi wa maji na udongo hawakubali kuota kwenye sahani ya maabara, hilo ni tatizo la zamani. Ndo mana watu wakageukia DNA moja kwa moja: unachuja maji, unatoa DNA ya kila kilichobaki kwenye filta, unasoma. Jeni tuliyosoma sisi inaitwa 16S, ni ileile ambayo Carl Woese na George Fox waliitumia mwaka 1977 kuonyesha kwamba kuna kundi zima la viumbe, arkea, lililokuwa linachanganywa na bakteria. Ina urefu wa kama herufi 1,500, kuna sehemu zake hazibadiliki sana na kuna sehemu tisa zinazobadilika toka kundi moja hadi jingine. Unalinganisha herufi ulizopata na zile zilizohifadhiwa kwenye hifadhidata, unapata jina.

Ila jina la namna gani, hapa ndo watu wanapotea. 16S ni kama lafudhi. Ukimsikia mtu anasema "ndoo hapa" akimaanisha njoo, unajua huyu ni Mwamu au mtu wa visiwa vya huku. Hujui ni mtoto wa nani, hujui kama ni mwizi au imamu. Shika hilo, tutalirudia.

Raundi ya kwanza

Tulikuwa na mashine ndogo ya kusomea DNA, ile inayochomekwa kwenye laptopu na kuingia mfukoni, na vifaa vyake vilikuwa na barkodi 24. Barkodi ni kipande cha DNA unachobandika kwa kila sampuli ili uzichanganye zote pamoja na bado ujue ipi ni ipi. Visima 8, kila kisima sampuli 3, jumla 24. Imekamilika, nafasi zimejaa, na sisi tukafurahi vile hesabu imetoka sawa.

Hesabu iliyotoka sawa ndo iliyotuumiza. Kwenye kila kazi kama hii unatakiwa uwe na sampuli tupu, yaani unachukua maji safi yaliyochemshwa na kuchujwa, unayapitisha kwenye filta mpya palepale kisimani, unafanya kila kitu kama sampuli nyingine, ili ujue uchafu gani umetoka kwako wewe na vifaa vyako. Tulichuja chupa tupu moja, kweli, mwenzangu ndo alisisitiza. Lakini kufika maabara nafasi zikawa 24 na sampuli 25, na mimi nikaamua ile tupu ikae friza. Sababu yangu wakati ule ilikuwa kwamba kisima ni data na chupa tupu si data. Naiandika kama ilivyokuwa.

Kosa la pili ni barafu. Tulichuja mililita 500 kila sampuli kwa sirinji ya mkono, kazi ya kidole gumba hio, kufika ya kumi gumba lote limekufa ganzi. Filta tukazitia kwenye vitubu vidogo, vitubu kwenye mfuko, mfuko kwenye sanduku la barafu. Barafu tulinunua kwa wauza samaki kule ufukoni sababu ndo iliyokuwepo, na tulikuwa na haraka ya kuwahi boti ya Mokowe, ng'ambo upande wa bara, na basi. Niliona magamba mawili matatu kwenye barafu. Nikaona, nikafunga sanduku. Toka Mokowe mpaka tufike maabara ni siku nzima ya joto, na tulipofungua, barafu ilikuwa supu, mfuko umepasuka pembeni, vitubu vinaelea na vingine vifuniko havikukaza.

Kingine ambacho hatukukiona kama kosa: sampuli zote tulichukua siku mbili mfululizo, wakati wa maji mafu, yani zile siku bahari haijai wala kupwa sana, kinyume cha bamvua. Hakuna aliyeangalia mwezi. Kulikuwa na bibi mmoja, nimwite Bi M., anateka maji kisima A tangu utotoni, alitutazama tukifanya kazi akaniuliza, "Mwanangu, mwachukua leo? Hamungoji bamvua?" Nikamwambia tumepangiwa leo. Akasema, "Haya. Mimi siku za bamvua maji haya siyanwi." Akaenda zake na ndoo yake. Kwenye daftari langu la kazi siku hio nimeandika hali ya hewa, joto la maji, chumvi ya maji, saa. Neno la Bi M. halimo.

Kipindupindu cha WhatsApp

Matokeo yalipotoka, juu ya orodha kulikuwa na majina ya bakteria Ralstonia, Bradyrhizobium, Sphingomonas, alafu kwenye visima vitano kati ya vinane Vibrio na Photobacterium. Mimi nikawa bado natafakari. Mtu mmoja wa timu akapiga picha skrini ya laptopu, na mpaka leo sijui kwa nini, akamtumia jamaa yake. Jamaa akaitia kwenye grupu ya mtaa na duara jekundu kwenye neno Vibrio. Baada ya saa moja neno lilishakuwa kipindupindu.

Usidhani watu ni wajinga, bakteria wa kipindupindu jina lake kamili ni Vibrio cholerae, mtu akitafuta neno lile kwenye simu ndo jibu la kwanza atakalopata. Lakini Vibrio ni ukoo mkubwa, wengi wao ni wakaazi wa bahari tu, wanakaa kwenye samaki, kwenye kamba, kwenye maji ya chumvi, hawana habari na wewe. Na hata ukiwa na Vibrio cholerae mwenyewe, wanaoleta milipuko ni wale wa makundi ya O1 na O139 wenye jeni ya sumu, na jeni hio haiko ndani ya 16S. Lafudhi tu. Tulisikia lafudhi na mtaa ukahukumu mtu.

Kamati ikafunga kisima cha msikiti kwa mbao na kufuli. Kwa siku tisa watu walitawadha kwa maji ya kununua, mtungi baada ya mtungi, na wanaobeba mitungi ni punda, kwa hivo mwenye punda, mshtakiwa namba moja, ndo aliyepata riziki wiki ile (nacheka sasa, wakati ule hatukucheka). Mama mmoja anayeuza sharubati karibu na hapo alifunga meza. Gesti ikapoteza wageni.

Afisa wa afya wa eneo alifanya la maana kuliko sisi sote. Hakubishana na grupu. Alichukua maji upya, akayaotesha kwa njia ya zamani, kwanza kwenye maji ya peptoni yenye alkali, alafu kwenye ile sahani ya kijani inayoitwa TCBS ambapo bakteria wa kipindupindu huota manjano. Hakukuota kitu cha kipindupindu. Kisima kikafunguliwa, lakini hakuna picha iliyosambaa ya sahani isiyoota kitu.

Chupa tupu inatoka friza

Mwenzangu ndo alisema turudi kwenye ile ya 25. Tukaitoa friza, tukaisoma peke yake. Photobacterium imo. Vibrio imo. Ralstonia na Bradyrhizobium zimejaa tele.

Maji yaliyochemshwa hayana Photobacterium. Samaki anae. Barafu ile ya ufukoni iliyeyuka, ikaingia kwenye vitubu, na tukasoma DNA ya soko la samaki tukaipa jina la kisima. Na hao Ralstonia na Bradyrhizobium ni hadithi nyingine inayojulikana, kwenye vifaa vya kutolea DNA vyenyewe huwa na mabaki ya DNA ya bakteria toka kiwandani, watafiti wa Uingereza walilionyesha wazi mwaka 2014 kwamba sampuli ikiwa na DNA kidogo basi unachosoma zaidi ni uchafu wa vifaa. Maji ya kisima yaliyo angavu, mililita 500, DNA yake ni kidogo. Tulikuwa tunajua hilo. Kulijua na kulitengea barkodi yake ni vitu viwili.

Nikamwandikia maalim ujumbe mrefu wa sauti kuomba radhi. Akanijibu kwa mstari mmoja: "Tumeelewa, ila njooni mwenyewe museme mbele za watu." Tulienda. Baada ya Ijumaa, na ile chupa tupu mkononi.

Raundi ya pili, na kila uamuzi kwa nini

Safari hii tulianza kwa Bi M. Akatueleza vizuri: bamvua, mwezi mwandamo na mwezi kumi na tano, bahari ikijaa sana, kisima A kinapanda karibu mkono mzima, maji yanageuka ladha na yana "harufu ya chini". Siku za maji mafu yanarudi. Kwenye pwani hii bamvua bahari inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, sasa fikiria maji ya chini yanasukumwa juu mpaka yanafika usawa wa mashimo ya vyoo, alafu yanarudi chini na kubeba yaliyomo. Kila mwezi mara mbili. Tulichukua sampuli siku mbaya zaidi kuchukua.

Barkodi bado ni 24, hatukuwa na bajeti ya zaidi. Tukagawa hivi: visima 4 badala ya 8, mara mbili, bamvua na maji mafu, kila mara sampuli 2, hizo ni 16. Kinyesi cha punda 2. Maji ya mashimo ya vyoo 2, kimoja cha gesti na kimoja cha nyumba ya jirani, tulichukua siku vijana walipokuja kuzoa. Kamba ya kisima 1, nitaieleza. Na tupu 3: moja ya kisimani, moja ya hatua ya kutoa DNA, moja ya hatua ya PCR, ile ya kunakili DNA mpaka iwe nyingi. Yani sehemu moja ya nane ya nafasi zote tuliipa chupa zisizo na kitu, na kuna mtu kwenye timu ilimuuma sana. Kukata visima vinne kuliuma zaidi na bado kunaniuma, utaona chini.

Vyoo na kinyesi cha punda tulivisoma sababu majina peke yake hayatoshi, unahitaji kujua punda wa hapa na watu wa hapa wanaonekanaje ndo ulinganishe. Utumbo wa punda, mla majani makavu, umejaa Fibrobacter na Treponema wa kuvunja nyuzi za majani. Wa binadamu una Bacteroides, Prevotella, Faecalibacterium. Picha mbili tofauti kabisa hata kwa macho.

Barafu tuliacha. Kila filta iliingia kwenye maji maalum ya kuhifadhi DNA ambayo yanastahimili joto, kifuniko kikafungwa na kuzungushiwa plastiki. Tulichuja mpaka filta ikatae, kama lita 2 hivi, na kisima A siku ya bamvua filta ilitoka rangi ya turungi, siku ya maji mafu ilitoka karibu nyeupe. Niliziweka mbili hizo pamoja juu ya ukingo wa kisima nikapiga picha. Bi M. alitazama tu, hakusema kitu.

Tuliongeza vipimo viwili ambavyo si vya mashine ndogo. Kimoja ni kuotesha E. coli, sababu DNA haijui nani hai na nani maiti, bakteria aliyekufa jana DNA yake bado iko na inasomeka. Cha pili ni PCR ya kupima wingi kwa alama inayoitwa HF183, ambayo inashika Bacteroides wa utumbo wa binadamu. Hio ndo ya kujibu swali la mtaa, 16S ni ya kuona mandhari.

Sasa kamba. Tukiwa tunachuja kisima B nilimwona kijana anateka, akamaliza, akaiacha ndoo chini na kamba ikaanguka ikajikunja juu ya mavi ya punda, mabichi. Dakika mbili tatu akaja mwingine, akaokota kamba, ndoo na kamba vyote vikaingia kisimani. Nilikuwa nimekaa pale siku nne jumla kwa raundi zote na sikuwahi kuliona jambo hilo, macho yote kwenye sirinji. Tukakata kipande cha kamba, tukakiosha kwenye maji safi, tukachuja. Hio ndo barkodi ya kamba.

Yaliyotoka

Chupa tupu zilikuwa na uchafu uleule wa vifaa lakini kidogo, na hazikuwa na Vibrio wala Photobacterium. Visima navyo havikuwa nao. Majina yote yaliyotokea kwenye tupu tuliyaondoa kwenye hesabu kabla ya kuangalia kingine chochote.

E. coli waliota kwenye visima vyote vinne, bamvua na maji mafu. Kwa hio jibu la kwanza kwa kamati lilikuwa: msiyanywe bila kuchemsha, siku yoyote, nani amekosea tutaongea baadae.

HF183, ya binadamu, ilitokea kisima A na C siku ya bamvua. Siku ya maji mafu ilibaki A tu, tena hafifu. Kisima B na D haikuonekana. Huko B na D walikuwepo Fibrobacter na Treponema, picha ya punda, na kamba ilikuwa punda mtupu.

Yani wote wawili. Punda anaingia kwa juu, kwa kamba, na binadamu anaingia kwa chini, kwa bamvua, na si kwenye visima vilevile. Mwenye punda akasema basi si mimi niliyeharibu cha msikiti, mwenye gesti akasema mbona hamkusema ni choo changu. Na hapo mwenye gesti alikuwa na hoja nzuri kuliko wengi wetu. HF183 inasema binadamu. Haisemi binadamu wa nyumba gani. Mtaa mzima una mashimo. Kisima A kiko karibu na gesti, ndio, lakini pia kiko karibu na nyumba nyingine nne. Mimi wakati wa kueleza matokeo niliweka ramani ukutani na choo cha gesti nimekitia alama kubwa, nilichora hivyo bila kufikiri, na watu wakasoma alama yangu kama hukumu.

Ni yeye mwenyewe aliyependekeza itiwe rangi chooni. Afisa wa afya akakubali, wakamwaga ile rangi ya kijani inayong'aa inayotumika kufuatilia maji, kabla ya bamvua, na vijana wakawekwa zamu kuangalia visima. Kisima A hakikuonyesha rangi. Siku ya tatu ikaonekana, kijani hafifu, kwenye kisima F.

Kisima F hatukukisoma raundi ya pili. Ni mojawapo ya vile vinne nilivyokata kubana nafasi, nilikikata sababu kiko mbali na gesti kuliko vyote vya upande ule. Nilipima kwa macho juu ya ardhi. Maji ya chini yana njia zake kwenye matumbawe, nyufa na mashimo, hayapiti uchochoro unaopita wewe.

Gesti inajenga tangi la kufunga chini, kwa pesa yake. Visima B na D vimejengewa ukingo wa juu wa mawe na chokaa, na kila kimoja kina kulabu ya chuma ya kutundika ndoo na kamba. Punda wamehamishwa hatua kama ishirini, mwenyewe alikubali baada ya kuonyeshwa kipande cha kamba, alisema hilo amelielewa bila mashine.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichofeli

Nianze na kilichofeli sababu ndo kingi. Kuacha chupa tupu kuisoma lilikuwa kosa la mtu anayeona thamani kwenye idadi ya sampuli. Visima saba na tupu moja vingetupa taarifa nyingi kuliko visima nane, maana kwenye raundi ya kwanza taarifa sahihi tuliyopata kuhusu kisima chochote ni karibu na sifuri. Tungekuwa na tupu siku ileile, picha ya skrini ingetoka na Vibrio kwenye safu ya tupu pia, na hata mtu wa grupu angejiuliza mbona maji ya kuchemsha nayo yana kipindupindu.

Picha kusambaa haikuwa bahati mbaya tu. Hatukuwa tumekubaliana nani anaona matokeo ghafi na nani anaongea na mtaa, na lini. Vibali tulikuwa navyo, karatasi zote za utafiti zilikuwa sawa, lakini hakuna karatasi iliyouliza swali hilo. Raundi ya pili tulikubaliana kwa mdomo kwamba maalim na afisa wa afya wanasikia kwanza, kwa pamoja, na hakuna jina la bakteria linaloandikwa kwenye ujumbe wa simu. Ilishika.

Namba za 16S tulizionyesha kwa chati za rangi zinazojaa asilimia mia, kila mtu anazipenda, na hizo chati zinadanganya kwa namna mbili. Ni mgao tu, kundi moja likipungua mengine yanaonekana yameongezeka hata kama hayakuongezeka. Na nakala za 16S hazilingani, E. coli mmoja anazo 7, bakteria wa kifua kikuu anayo 1, kwa hivo ukihesabu nakala hujahesabu wadudu. Mzee mmoja aliuliza "hii rangi ya samawati kubwa ina maana ndo wengi?" na nikasema ndio kwa kuchoka. Jibu sahihi lilikuwa hapana, si lazima.

Hatukuweka sampuli ya mchanganyiko unaojulikana, yani bakteria unaowajua uliowatia mwenyewe kuona kama mashine inawataja sawasawa. Raundi zote mbili hatukuweka. Hakuna udhuru, ni bajeti na uvivu. Na kinyesi cha punda wawili ni kidogo mno kusema "punda wa Lamu wako hivi", kwa kisima cha hatua tano kutoka kwao ilitosha, zaidi ya hapo nisingethubutu.

Kilichofaa: kuchanganya vipimo. HF183 ilijibu nani, E. coli wa kuota alijibu hatari ipo sasa hivi au la, 16S ilituonyesha punda ambao tusingekuwa na alama yao ya kuwatafuta, na rangi ya kijani, teknolojia ya miaka na miaka isiyo na DNA ndani yake, ilijibu choo kipi. Kama ningekuwa na pesa ya kimoja tu kwa mtaa huu ningeanza na kuotesha E. coli siku ya bamvua na siku ya maji mafu, alafu ndo niamue kama kuna haja ya mashine.

Kuhusu bamvua, wenzangu wa bara waliniuliza tulilijuaje, nikawaambia tuliambiwa siku ya kwanza na hatukuandika. Sasa fomu yetu ya kuchukulia sampuli ina mstari wa mwezi na hali ya maji ya bahari, na mstari mwingine: mtekaji anasemaje. Mstari huo wa pili mhariri wa data anaulalamikia kila mara sababu hauingii kwenye jedwali lake, majibu ni sentensi.

Kisima A bado hakijapata mwenye kosa. Kuna mzee anasema chini ya nyumba moja ya jirani kuna shimo la zamani lililofunikwa wakati wa ukarabati, hakuna anayekumbuka upande gani. Filta za bamvua za A zilizobaki ziko friza, mbili, na kisima F kina filta moja tu ya raundi ya kwanza, ile iliyoogelea na samaki.